Maswali ya Wasomaji: Aliyetoka Kabla ya Kipenga cha Mwisho

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni shabiki wa Simba tangu nikiwa shule ya msingi na ni mwanachama wa tawi letu hapa Mbagala. Novemba 5, 2023, siku tuliyofungwa na Yanga mabao 5-1, nilitoka uwanjani baada ya bao la nne nikiwa na mwanangu wa miaka minane, aliyekuwa akilia. Hadi leo, kila tunapopanga safari ya kwenda uwanjani, wenzangu hunikumbusha kwamba niliwakimbia. Je, nimepoteza haki ya kujiita shabiki?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hujaipoteza. Mtoto anayelia katikati ya umati ni sababu inayotosha, na mzazi anayemtoa mapema Uwanja wa Benjamin Mkapa, kabla maelfu ya watu hawajaanza kusukumana kwenye mageti na kugombania daladala za Barabara ya Kilwa, ametimiza wajibu unaotangulia ule wa tawi.

Watakaokulaumu watakutajia Oktoba 20, 2013, pale Simba ilipokwenda mapumziko ikiwa nyuma 3-0 mbele ya Yanga, kisha ikarudisha yote matatu kipindi cha pili. Watakutajia pia Machi 16, 2019, Simba ilipohitaji ushindi dhidi ya AS Vita ya Kinshasa ili iingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Clatous Chama akafunga bao la pili katika dakika za lala salama. Ni kweli kwamba aliyetoka mapema siku hizo alikosa jambo la kusimulia maisha yake yote. Lakini hoja hiyo haikuhusu, kwa kuwa siku yako hapakuwa na bao lililorudi baada ya wewe kutoka. Badala yake Yanga waliongeza la tano.

Nadhani kinachowauma wenzako ni kitu kingine. Wapo mashabiki wanaoondoka timu yao ikiongoza kwa mabao matatu ili wawahi usafiri, wala hakuna anayewaita wasaliti. Dakika walizokosa ni zilezile, ila hawakumwacha mtu katika aibu. Wenzako walibaki wakisikiliza nyimbo za watani wa jadi, wakawaona wachezaji wao wakitoka vichwa chini mbele ya viti vilivyokuwa vikizidi kuwa wazi, kisha wakarudi Mbagala kukabili utani wa mtaa mzima. Uchungu huo waliubeba bila wewe, na sidhani kama wamewahi kuusema waziwazi.

Kwa hiyo usibishane nao kuhusu nani ni shabiki wa kweli. Waeleze hali ya mtoto, kisha, kama moyoni unajua kwamba nawe ulitaka kuondoka kwa sababu ya maumivu, likiri hilo pia, maana watu waliokaa pamoja miaka mingi hulihisi hata lisipotamkwa. Waambie kwamba unajua walibaki peke yao na kwamba iliwauma. Kuhusu mwanao, msimrudishe moja kwa moja kwenye mchezo wa Simba na Yanga. Mpeleke kwanza kwenye mchezo wa ligi wenye watu wachache, mkae karibu na mlango wa kutokea, na mwache yeye aamue lini anataka kurudi nyumbani.