Anza na silabasi, dada

Dada wa Kondele, umeuliza uanzie wapi somo la utangulizi wa saikolojia mtandaoni, na duka unafunga saa mbili usiku. Usikimbilie video. Fungua silabasi, yaani mpango wa somo zima, nakili tarehe zote za kazi na mitihani kwenye daftari, maana bando likiisha daftari bado unalo.

Mapema utakutana na Wilhelm Wundt, mwanasaikolojia Mjerumani, na maabara yake ya saikolojia ya Leipzig, 1879, kisha njia za utafiti. Hapo wengi huchoka. Vumilia, hasa penye tofauti ya uhusiano na usababishi: mvua ikinyesha Kisumu, miavuli na matope huongezeka pamoja, lakini mwavuli hauleti tope. Ukilishika hilo, mengi yatakaa.

Kupitisha macho tu hakutoshi. Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha mwaka 1885 kuwa tunasahau upesi zaidi mwanzoni. Kwa hiyo funika daftari, jiulize Pavlov, mwanasayansi Mrusi, aligundua nini kwa mbwa wake, jibu kwa sauti hata ukipanga unga kwenye rafu. Rudia kesho, tena baada ya siku tatu. Na mwandikie mwalimu wiki hii hii umweleze saa zako za kazi. Usingoje mpaka ukwame.