Nembo ya ukoo wa Esposito? Hifadhi pesa yako

SWALI: Babu yangu alikuwa Mtaliano, mateka wa vita aliyeletwa Kenya miaka ya 1940, jina lake Esposito. Kuna mtu mtandaoni ananiuzia nembo ya ukoo wetu pamoja na shajara ya nasaba inayotufikisha kwa mwigizaji Giancarlo Esposito. Nilipe? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usilipe hata senti. Nimeshachoka na hizi nembo.

Esposito maana yake ni aliyeachwa nje. Kule Napoli, kwenye ukuta wa Annunziata, nyumba ya kulelea watoto walioachwa, palikuwa na tundu lenye pipa la mbao linalozunguka. Mama anamlaza mtoto upande wa barabarani, anasukuma pipa, mtoto anatokea ndani kwa wahudumu, na mama hajaonekana uso. Mtoto anaandikwa daftarini: Esposito. Pipa lilifungwa mwaka 1875, lakini jina lilikwisha kuenea kwa watoto wasiohusiana hata kidogo. Sasa huo ukoo mmoja unaanzia kwa babu yupi, na nembo yake alipewa nani?

Miji mingine nayo ilikuwa na majina yake kwa watoto kama hao: Firenze waliwaita Innocenti, Roma Proietti, Milano Colombo. (Cristoforo Colombo mwacheni, yeye ni wa Genova.)

Sasa tazama Esposito maarufu. Giancarlo alizaliwa Copenhagen mwaka 1958, baba Mtaliano, mama Mmarekani mweusi. Raffaele Esposito ni yule mpishi wa Napoli anayetajwa kwenye kisa cha pizza Margherita ya 1889. Phil na Tony, magwiji wa hoki ya barafu kutoka Kanada, ni ndugu kweli, ila ni kwa sababu tumbo ni moja. Jina halikuwafanya ndugu.

Wewe tafuta tarehe ya kuzaliwa ya babu na manispaa alikozaliwa, wenyewe huiita comune. Huko ndiko kuna cheti chake. Rekodi yake ya jeshi, foglio matricolare, iombe kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali ya eneo alikoandikishwa. Rejista nyingi za zamani zimewekwa bure kwenye tovuti ya Antenati.

Anayekuuliza jina tu, asikuulize babu alizaliwa comune gani, hajafungua rejista yoyote. Nembo Italia zilikuwa za familia fulani, hazikugawiwa kila mwenye jina. Juzi nimeletewa ya Rossi, simba na taji juu. Rossi ni jina lililotokana na nywele nyekundu, na limejaa Italia nzima. Mwenyewe keshaitundika sebuleni, na fremu kalipia.