Kabla Hujaisimulia Hadithi ya Mama Yako

Karibu kila anayejiunga nasi katika kudai huduma ya afya yenye haki na staha huja na mgonjwa wake moyoni. Mimi nilikuja na mama. Wodini alikuwa akiitwa kwa namba ya kitanda, maradhi yake yakatajwa kwa sauti mbele ya wageni wa wagonjwa wengine, na alipopona akazuiwa siku nne zaidi mpaka sisi wanawe tulipokamilisha malipo. Hasira ile ilinitoa nyumbani, lakini mwaka mzima haikunifikisha popote, na ningependa wewe unayeanza ujue kwa nini.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuisimulia habari ya mama bila kumwomba ruhusa. Aliisikia kwa jirani. Hakunigombeza, aliniambia tu kwamba wodini walimvua nguo mara moja, nami nilikuwa nimemvua mara ya pili. Tangu hapo siendi kwenye mkutano kabla ya kumwuliza nini kisemwe na nini kibaki nyumbani, na huuliza upya kila mara, kwa kuwa aliyekubali jana ana haki ya kukataa leo. Mara nyingi jina la ugonjwa halihitajiki kabisa. Ikiwa mgonjwa ameshafariki, waulize waliomuuguza, hata kama wewe ndiye mwenye ufasaha zaidi katika ukoo.

Kosa la pili lilikuwa kumwelekezea lawama muuguzi. Baadaye nilizungumza naye, nikafahamu kwamba usiku ule alikuwa peke yake kwa wodi nzima, na kwamba agizo la kumzuia mama lilitokana na kanuni iliyopitishwa na bodi ya hospitali. Kwa hiyo, ukishaisikia hadithi yoyote, jiulize ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua vinginevyo. Pazia linalokosekana kati ya vitanda ni suala la bajeti, na kumzuia mgonjwa aliyepona ni suala la kanuni. Yote mawili yana mtu anayeyatia saini, na huyo ndiye wa kuandikiwa barua. Wauguzi wenyewe waligeuka kuwa washirika wetu wa karibu, jambo ambalo sikulitarajia.

Wapo waliogeuza hadithi ya nyumbani kuwa dai la wote. Tommy Douglas, mwanasiasa wa Kanada, alipokuwa mtoto nusura akatwe mguu kwa sababu wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kulipia tiba, mpaka daktari mmoja wa upasuaji alipokubali kumtibu bure mbele ya wanafunzi wake. Angeweza kuishia kumshukuru daktari yule maisha yake yote. Yeye aliona kwamba mguu wa mtoto haupaswi kutegemea bahati, na alipokuwa kiongozi wa serikali ya jimbo la Saskatchewan akaupigania mpango wa bima ya matibabu kwa wote, ulioanza mwaka 1962, yeye akiwa ameshaondoka madarakani. Huko Wales, Aneurin Bevan alimpoteza baba yake, mchimba makaa ya mawe, kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na vumbi la mgodini. Tarehe 5 Julai 1948, akiwa waziri wa afya wa Uingereza, alizindua huduma ya afya ya taifa. Alikuwa na mfano wa kuufuata: katika mji wake wa Tredegar, wafanyakazi walikuwa wakichangia sehemu ya mishahara yao ili familia zao zitibiwe.

Utaambiwa kwamba wewe si mtaalamu. Azimio la Alma-Ata, tamko la mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi la mwaka 1978, linasema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Litaje kwa utulivu, kisha urudi kwenye dai lako.

Mkutanoni, simulia kwa dakika tatu, halafu nyamaza uwaachie wengine. Anayelia asihimizwe kuendelea. Yanayojirudia katika simulizi zao yaandike, mkachague dai moja ambalo bodi inaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. Letu lilikuwa kwamba mgonjwa aliyeruhusiwa aende nyumbani, na deni lijadiliwe baadaye.

Siku hizi mama huhudhuria, akakaa safu ya nyuma. Nikikosea idadi ya siku alizozuiwa, hunisahihisha kwa sauti.