"Feel" si kuhisi tu: kwenu wafasiri na wakalimani wapya

Wiki hii nimehariri kazi ya kijana wetu mmoja, dodoso la afya la kurasa 8, nikakuta "kuhisi" mara 37. Nimehesabu, maana hasira zangu hupenda takwimu. Unahisi njaa? Unahisi usingizi? Unahisi vipi kuhusu huduma zetu? Mhojiwa akifika ukurasa wa tatu atadhani yuko kituo cha polisi, kwa kuwa mitaani kwetu kuhisi kunakaa jirani na kushuku. Mtu akikwambia "namhisi jirani", huulizi kama wanapendana. Ujue kuku kaibwa.

Nilimwita tukanywa chai, sikumgombeza sana. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya mabaya kuliko hayo, na nitayasema kwenye namba 2. Nayaandika mara moja ili nisirudie kila mwaka kila likija kundi jipya.

1. Usiliwekee neno kisawe kwenye kumbukumbu ya tafsiri, ile hazina ya programu inayotunza tafsiri zako, kabla hujaona limefuatana na nini. Ukishaingiza "feel" kuwa "hisi", programu itakuletea hilo hilo kila sentensi, nawe kwa uchovu utabonyeza tu. Aibu huonwa, na huruma na wivu vivyo hivyo. Kiu huonwa au husikiwa, baridi nayo hivyo hivyo. Kitambaa hupapaswa. Tena mara nyingi Kiswahili hakimpi mtu kazi yoyote, kazi inafanywa na hali yenyewe: njaa inamuuma, usingizi umemshika, homa imempanda. Ukiandika "ninahisi njaa" sarufi haitakushtaki, lakini bibi yako atakuangalia mara mbili.

2. Chunga sana kusikia. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa nakalimani kwa madaktari wageni kwenye hospitali moja ya wilaya, kliniki ya wajawazito. Foleni ndefu, joto, na mimi najisikia, kwa maana ile ya mtaani: Kiingereza kinatoka kama maji, mgonjwa hajafunga mdomo nami nimeshamaliza. Akaingia mama mwenye mimba ya miezi 8. Daktari akauliza ana watoto wangapi, akasema mmoja, yuko kijijini kwa bibi yake. Tukaendelea na miguu, mkojo, vidonge vya kuongeza damu. Mwishoni akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewesha foleni: "Halafu, tangu juzi simsikii mtoto."

Nikachukua "hear". Nikamwambia daktari mama huyu hajasikia lolote kutoka kwa mtoto tangu juzi. Sentensi safi, haina kosa la sarufi hata moja. Daktari, ambaye alikuwa ametoka kuambiwa kuna mtoto kijijini, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniomba nimuulize kama hawezi kuwasiliana na huko nyumbani. Nikageuka, na uso wangu wa kazi:

"Daktari anauliza, huwezi kupiga simu?"

Mama akanitazama. "Nimpigie nani?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: "Huyo mtoto."

Mkunga alikuwa pembeni anajaza kadi. Akaweka kalamu chini, hata hakunitazama. "Mama, mtoto hachezi?"

"Hachezi, sista."

Kuanzia hapo sikuhitajika. Walimlaza kitandani, mkunga akainama na kile kipembe cha kusikilizia mapigo, akakihamisha mara tatu. Mimi nimesimama na daftari langu mkononi, nasikia feni tu. Mapigo yalikuwepo, ila hayakumridhisha. Jioni ile ile mama alifanyiwa upasuaji, akazaliwa mtoto wa kike, akalia. Nasema alilia kwa sababu nilikaa kwenye benchi la nje mpaka nikamsikia, kwa sikio hasa safari hii. Mkunga alipotoka alinikuta pale pale.

"Kaka, kwenu wapi?"

"Tanga."

"Na Tanga mnapigaga simu tumboni?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kinachoniuma ni kwamba neno lile nalijua tangu utotoni. Nyumbani tunasikia harufu ya samaki, tunasikia maumivu, mjamzito anamsikia mtoto. Nilipovaa kitambulisho cha ukalimani, nikakiacha Kiswahili cha mama yangu mlangoni na kuingia na cha kamusi. Ingenigharimu swali moja tu: "Humsikii vipi, mama?" Nililiona swali hilo ni la mtu asiyejua kazi.

3. Kusikia kuna mlango mwingine, kutii. Dodoso likiuliza kama mtoto anasikia vizuri, nusu ya akina mama watakwambia huyu hasikii kabisa, ukimtuma dukani anapitia mpirani. Unarudi ofisini na kijiji kizima cha viziwi. Uliza kama mtoto akiitwa kwa nyuma bila kuona mtu anageuka. Hata dawa husikiwa: kidonda kikiwa hakisikii dawa, hakina tatizo la masikio.

4. Haya ya haraka. "I feel that" ni "naona". "How do you feel about" ni "unaonaje". "Feel free to ask" ni "uliza tu". Najua "jisikie huru" imeshazoeleka, lakini mimi sijaizoea na mhariri wako ndiye mimi. "Unajisikiaje?" ni salamu nzuri kwa mgonjwa, ila ukikata mkia ikabaki "unajisikia?" umemtukana.

5. Msijifiche nyuma ya tafsiri rejeshi, ile ya kurudisha kazi kwenye lugha ilikotoka ili ilinganishwe. Kijana wangu alijitetea kwamba dodoso lilirudishwa kwa Kiingereza na likafanana na matini ya asili neno kwa neno. Ndiyo, lazima lifanane! Aliyelirudisha naye amesoma shule ile ile. Akiona "hisi" anaandika "feel", mteja anafurahi, na mgonjwa hayumo katika mazungumzo hayo. Mnajua PHQ-9, lile dodoso la sonona la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Swali la pili lina "feeling down". Nimeshaletewa "kujihisi chini". Kwenye tafsiri rejeshi linarudi limenyooka kabisa, alama 100. Nikampelekea mama anayetuuzia chai, nikamuuliza angeelewa nini. Akasema: "Chini wapi, sakafuni?" Nikamuuliza yeye angesemaje akiwa katika hali hiyo. Akafikiri, akafuta mikono. "Moyo umekuwa mzito. Sina raha." Sikumlipa ushauri, nimelipa chai.

Faili nimelirudisha jana usiku, limejaa wino mwekundu, na chini nimeandika maelezo marefu karibu kama haya. Asubuhi nimekuta ujumbe wake: "Asante sana kaka, nahisi nimeelewa."