Bakapu ya GnuCash usiifungue ilipolala

Nyinyi mnaoanza kuweka hesabu za nyumbani au za chama kwa programu ya GnuCash, mtafika siku mtake kuchungulia kitabu (faili la hesabu zenu) kilivyokuwa zamani kidogo. Siku hiyo msifungue bakapu, ile kopi ya kitabu ambayo GnuCash huitengeneza yenyewe kila mnapohifadhi, pale ilipo. Ikopini kwanza, kopi muipeleke folda nyingine, ndiyo muifungue.

Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo huku Likoni. Mwisho wa Machi mmoja, mama wa chama alilalamika kwamba mchango wake wa mwanzo wa mwezi umepungua kitabuni. Nikasema hebu nione tuliandika nini siku ile. Nikaibonyeza bakapu mara mbili, ikafunguka, nikaona nilichotaka (mchango ulikuwepo, ila nilikuja kuuhamisha kimakosa kwenye jina la jirani yake), nikafunga, mbio kuwahi feri.

Kumbe GnuCash ukiiwasha hufungua yenyewe faili iliyotumika mwisho. Kesho yake ikanifungulia ile bakapu, nami sina habari. Akaunti zilezile, majina yaleyale. Siku kumi na mbili nikaandika michango, mikopo na faini ndani ya kitabu cha zamani. Kilichonishtua ni salio la M-Pesa: simu yasema hivi, kitabu chasema vile, na tofauti si ya shilingi mia. Jioni tatu nzima nilikaa nikihamisha moja moja kutoka meseji za simu na daftari la risiti, chai inapoa pembeni.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu, juu ya dirisha. Jina la bakapu hubeba tarehe na saa. Chama.gnucash.20230304191522.gnucash, kwa mfano, ilitengenezwa tarehe 4 Machi 2023, saa moja na robo usiku, sekunde 22. Ndani yake mna kitabu kilivyokuwa kabla ya kuhifadhi saa hiyo, si baada yake. Hilo huwachanganya wengi. Mkiona jina lenye tarehe mbili zimefuatana, basi kuna mtu alihifadhi juu ya bakapu, nayo ikazaa bakapu yake. Folda yangu ilijaa hizo.

Msidanganyike na "nitazama tu, siandiki." Kidole kikiteleza kwenye kiingizo, kosa litahifadhiwa lenyewe, maana hifadhi ya otomatiki kwa kawaida imewekwa kila dakika tano.

Mimi sasa nina folda naiita Kutazama. Kopi ikiingia humo naibadilisha jina, naanza na neno ZAMANI kwa herufi kubwa, ili hata nikiwa na usingizi nilione juu ya dirisha. Nikimaliza sifungi programu hivihivi: kwanza nafungua kitabu halisi, ndipo nafunga, ili kesho kije hicho. Wanaojua kuanzisha programu kwa amri wanaweza kuweka --nofile, isifungue kitu chochote mpaka waichagulie.

Ukiambiwa faili imefungiwa na mtu mwingine, usilazimishe kufungua. Angalia kwanza kama una dirisha jingine wazi, au kama mwenzio ndiye anayekiandika kitabu. Ukitaka kutazama tu, chagua kufungua kwa kusoma pekee.

Halafu kuna siku thelathini. Usipobadilisha mipangilio, bakapu zilizopita umri huo hufutwa zenyewe. Kwa hiyo ile ya kufunga mwaka itoeni humo mapema, muiweke kando. Wengi wetu huitia kwenye flashi, na ni sawa, ila jueni faili ya GnuCash haina nywila. Flashi ikidondoka ndani ya matatu, atakayeiokota atasoma nani ana mkopo, wa kiasi gani, na kachelewa miezi mingapi. Yangu nimeitia kwanza kwenye faili la zip lenye nywila, na nywila yenyewe anayo pia katibu wetu.