Jibu: Kompyuta ilisema mwenye kete nyeusi anashinda, mbona ikaisha sare?

Mkuu, umeuliza kama Fabiano Caruana alichezea bahati, maana ulipoitazama upya gemu ya 6 ya fainali ya ubingwa wa dunia wa chesi (sataranji) 2018 pale London dhidi ya bingwa Magnus Carlsen, kompyuta ilikuwa inamwonyesha ameshinda. Hapana, mimi simlaumu hata kidogo.

Caruana alikuwa na kete nyeusi, amemzidi Carlsen farasi mzima. Carlsen naye kajifungia na askofu wake na askari wachache, anasubiri tu. Kwenye hatua ya 68 kompyuta ilitaka askofu mweusi aende mraba wa h4, kisha farasi azame g1, ukingoni kabisa upande wa mpinzani, mahali ambapo hana njia ya kutoka. Sasa niambie, nani mwenye akili timamu anampeleka farasi wake jela kwa hiari, tena baada ya saa kadhaa mezani? Faida yenyewe inakuja hatua nyingi mbele, mfalme mweupe anapokosa pa kukanyaga. Wakakubaliana sare hatua ya 80.

Ukifuatilia gemu na kile kipimo cha kompyuta pembeni kinachoonyesha nani yuko mbele, unajiona bingwa. Kifunike uone, mapigo ya moyo yatakwenda mbio.

Kama kuna sare ya kulalamikia ni ile ya gemu ya 12: Carlsen yuko vizuri, ana muda zaidi kwenye saa, halafu anaomba sare hatua ya 31! Gemu zote 12 sare. Kwenye gemu za haraka za kuvunja sare, Carlsen akamfunga Caruana 3-0.