Mama Mwalimu Anajibu: Nijitoe katika chama cha walimu?

SWALI: Mama Mwalimu, pokea salamu kutoka Busia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali. Kila mwezi naona makato ya UNATU, chama cha kitaifa cha walimu wa Uganda, kwenye hati yangu ya mshahara. Mwaka 2022 tuligoma, tukarudi darasani mikono mitupu. Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa, yaani yasiyo ya sayansi, tukagoma tena. Mwenzangu wa Fizikia tulimaliza chuo pamoja, tunakaa meza moja, naye analipwa karibu mara nne yangu. Sasa wenzangu wananishawishi nihamie chama cha walimu wa sanaa peke yetu. Mume wangu anasema nisiwe katika chama chochote, pesa hiyo ninunue sukari. Nifanye nini?
Mwalimu wa Kiswahili

JIBU: Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye hiyo meza moja. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa shilingi milioni 4. Wewe mwenye shahada ileile, uliyehenyeka miaka ileile, umebaki kwenye milioni 1 na ushei. Mnagawana chai, mnagawana chaki, zamu ya kulinda wanafunzi usiku ni moja. Hilo linauma, na asikudanganye mtu kwamba ni wivu.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi kwa ajili yako wewe wa Kiswahili. Mwezi huohuo wa Julai 2022, mgomo ukiwa unazimwa, Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha ikapandishwa cheo, mwalimu wake akaachwa alipokuwa. Ningekuwa mimi, kila barua ya tawi lenu kwenda wilayani ningeanza na sentensi hiyo.

Lakini kujitoa? Ngoja kwanza.

Wenzako wanakuambia: walimu wa sayansi wana chama chao, ndiyo maana wamepata. Mimi sikubali. Kuwapa kipaumbele watu wa sayansi ilikuwa sera ya Rais mwenyewe, aliyoirudia hadharani miaka mingi. Chama chao kiliisukuma, sawa, lakini kilisukuma mlango ambao mwenye nyumba alikuwa anaufungua. Ninyi wa sanaa mtasukuma mlango uliofungwa kwa komeo. Wa namna hiyo unataka mabega mengi.

Sasa fikiria mabega hayo ni ya nani. Mwalimu wa shule ya msingi wa Gredi ya Tatu, yaani mwenye cheti cha ualimu tu, anayefundisha darasa la watoto mia, mshahara wake mwaka ule wa mgomo haukufika hata laki 5: ulikuwa shilingi 499,684. Huyo naye yumo UNATU. Wa sayansi wakiondoka, wa sanaa wa sekondari mkiondoka, nani atabaki kumsemea? Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, upande wa Tororo, kwa hiyo usitegemee nisimame katikati katika jambo hili. Serikali ikikuta walimu wamegawanyika vyama vitatu itazungumza na kimoja kwa wakati wake, na itaanza na kile chenye madai madogo.

Nakumbuka mgomo wa Septemba 2013, tulipodai nyongeza ya asilimia 20. Mimi nilikuwa mweka hazina wa tawi. Siku ya tatu alikuja nyumbani mama mmoja mwenye mtoto wa darasa la saba, ameniletea muhogo kwenye kikapu. Hakunigombeza. Aliweka kikapu chini, akaniuliza, "Mwalimu, huyu atafanya mtihani wa Novemba kwa elimu ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilimweleza tu kwamba mshahara wangu ulikuwa haulipi karo ya mwanangu mwenyewe aliyekuwa sekondari. Akasema, "Basi mbona hamkutuambia sisi wazazi kabla?" Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tuliita mgomo wa walimu, kijiji hatukukishirikisha. Tangu hapo tawi letu likipanga jambo, mkutano wa wazazi unakuja kwanza. Muulize mwenyekiti wako kama mwaka 2022 mlifanya hivyo. Mimi nadhani walimu walipotishiwa kuondolewa kazini mwezi ule wa Juni, wazazi wangekuwa upande wao wasingetishika upesi.

Kuna jambo hukuniandikia, nami nalitaka: mara ya mwisho ulikwenda lini kwenye mkutano wa tawi? Makato yako hayatoki bure. Ni haki ya mwanachama kuviona vitabu vya hesabu, kumuuliza mweka hazina pesa imekwenda wapi, na kumpigia kura au kumwondoa. Wengi wanaolalamika kuhusu viongozi wa makao makuu Kampala hawajui hata jina la katibu wao wa tawi. Nenda. Andika maswali yako matatu kwenye karatasi, uyasome kwa sauti, majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Ukifanya hivyo muhula mmoja, miwili, ukakuta masikio yamezibwa, basi jitoe kwa barua, uhamie kwa wenzako, na mimi sitakulaumu. Kujitoa ni haki yako sawasawa na kujiunga.

Na mume wako mpe salamu zangu. Mwambie wakati wa korona, shule zilipofungwa, zote au baadhi ya madarasa, kati ya Machi 2020 na Januari 2022, wewe wa serikali mshahara uliingia. Walimu wa shule za binafsi, wengi wao bila chama cha kuwasemea, walikaanga chapati, wengine hapo Busia kwenu walibeba mizigo mpakani. Amwulize yeyote kati yao kama kuwa na msemaji ni sawa na kilo ya sukari.

SWALI: Mama, mimi ni mkunga katika kliniki ya binafsi Kasese. Mwenye kliniki ametusainisha karatasi kwamba hatutajiunga na chama chochote, na atakayejiunga atafukuzwa. Ana haki hiyo?
Mkunga

JIBU: Hana, mama. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga na chama akipendacho, na sheria ya ajira ya 2006 inasema wazi kwamba uanachama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Karatasi mliyosainishwa haiwezi kuishinda Katiba. Wauguzi na wakunga wana chama chao cha kitaifa, ndicho kilichoitisha mgomo wa Mei 2022, na kuanzia Julai mwaka ule mishahara ya wahudumu wa afya wa serikali ikapanda. Ninyi wa binafsi hamkuguswa na nyongeza ile. Ndiyo sababu mnahitaji kuwa ndani kuliko wao.

Msijiunge mmoja mmoja kwa kificho. Ongeeni wote wa kliniki, mkubaliane, mjiunge siku moja, maana si rahisi kuwafukuza wakunga wote na wodi ina akina mama. Piga picha ya hiyo karatasi uiweke kwa ndugu yako, si kwenye simu yako peke yake. Akimfukuza yeyote, aende kwa afisa wa kazi wa wilaya pamoja na barua ya kufukuzwa, mkataba na hati za mshahara. Asikawie: sheria imempa miezi mitatu tu kulalamika, na inahesabiwa tangu siku aliyoachishwa kazi.